Ukitua alfajiri ugenini, usikimbilie kitanda

Nianze na aibu yangu. Ilikuwa Januari, safari yangu ya kwanza Uholanzi, nimetumwa na kiwanda cha minofu ya sangara ninachofanyia kazi hapa Mwanza kwenda kwenye mafunzo ya wiki mbili. Tulitua Schiphol kama saa moja asubuhi, nje giza totoro. Sisi huku jua linachomoza karibu muda uleule mwaka mzima. Kule Januari unalisubiri mpaka saa tatu kasoro. Nikateremka kwenye kituo cha treni kilicho chini ya uwanja huohuo, nikapanda ya kwenda Leiden, mwendo usiofika hata nusu saa. Nikaegemeza kichwa kwenye kioo.

Nilipofumbua macho watu wanashuka, nami nikashuka nao. Kibao kimeandikwa Rotterdam Centraal. Begi nilikuwa nimelibana kati ya miguu, kwa hiyo lilikuwepo, alhamdulillahi. Ila koti lilikuwa humo ndani ya begi, chini kabisa, chini ya vitenge vya zawadi. Nikapiga magoti pale kwenye jukwaa la treni, baridi inaningata masikio, natoa vitenge kimoja kimoja, watu wananipita kama hawanioni.

Sikuwa na wa kumlaumu. Kosa nililianzia Nyegezi, stendi ya mabasi ya hapa Mwanza, siku mbili kabla. Ili kuokoa nauli ya ndege ya kwenda Dar nilipanda basi la alfajiri, zaidi ya kilomita 1,100, nikafika usiku nimevimba miguu. Nikalala saa chache Kimara kwa wifi wa rafiki yangu, kesho yake nikazurura Kariakoo, usiku ule nikaenda uwanjani. Kwa hiyo niliingia Ulaya nikiwa na deni la usingizi wa siku mbili, sio moja.

Watu wengi husema wamechoka kwa sababu ya tofauti ya saa. Uholanzi iko nyuma yetu kwa saa mbili tu majira ya baridi, na saa moja majira yao ya joto. Hiyo si tofauti ya kumwangusha mtu. Kilichoniangusha ni kutolala, na dawa ya kutolala sio sawa na dawa ya saa kubadilika. Nitarudi kwenye hili la pili, maana China ilinifundisha.

Kwanza nikueleze kuhusu baba. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa dagaa Igombe. Usiku wa giza (mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa) alikuwa ziwani na karabai mpaka kunakucha. Akifika ufukweni hakwenda kulala. Alinawa uso kwa maji ya ziwa, akanywa uji wa moto, akakaa juani na mama wakianika dagaa mpaka kama saa nne. Ndipo alilala, na mama alikuwa na amri ya kumwamsha akipitiliza saa nane. Na kitu kingine: hakuwahi kukubali kununua nyavu wala kuuza mtumbwi asubuhi ya kutoka ziwani. Ukimfuata na biashara alikwambia, "Njoo jioni, sasa hivi kichwa hakipo."

Miaka yote ile niliona ni ukaidi. Siku hizi nikisafiri usiku namwiga karibu kila kitu, kasoro kulala mpaka saa nane.

Mimi nalala dakika 20 au 30, basi, na simu naiweka mbali na kitanda ili nilazimike kusimama kuizima. Nikivuka hapo naingia kwenye ule usingizi mzito, na kuamshwa humo katikati ni mateso, unaamka mdomo mchungu hujui uko wapi. Aliyechoka kabisa anaweza kulala kwa muda wa saa moja na nusu, lakini iwe kabla ya mchana. Mwenzangu wa Leiden alijilaza "kidogo" saa tatu asubuhi, akaamka saa kumi na moja jioni, na wiki nzima alikuwa macho usiku anahesabu paa.

Sasa tatizo la chumba. Hoteli nyingi zinakupa chumba saa nane au saa tisa mchana. Wewe umetua saa kumi na mbili asubuhi. Ukijipeleka tu bila kupanga, utakaa mapokezi saa nane nzima na soksi zako za jana. Andika barua pepe kabla ya safari, waulize mambo mawili: naweza kuacha mizigo, na kuna bafu naweza kutumia? Wengi watakubali mizigo bila malipo. Viwanja vikubwa navyo vina bafu za kulipia, na kuoga tu kunakurudisha nusu ya utu wako. Kama mfuko unaruhusu, lipia usiku uliotangulia, chumba kikusubiri. Lakini ukifanya hivyo waambie wazi kwamba utafika asubuhi ya pili yake. Usipowaambia, usiku utapita hujaonekana, watahesabu hukuja, na chumba wanaweza kumpa mwingine.

Na tarehe! Hapa Waswahili tunaumia kweli. Tiketi imeandikwa 00:40, tarehe 14, Jumanne. Kwetu hiyo ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumanne, maana yake Jumatatu usiku lazima uwe uwanjani. Jirani yangu wa Bwiru alifika uwanjani Jumanne saa mbili usiku, amesindikizwa na ukoo mzima, keki imeshakatwa, maombi yameshafanyika. Ndege yake ilikuwa imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Tangu hapo kila tiketi naigeuza kwa Kiswahili na kuiandika kwenye karatasi: usiku wa kuamkia lini. Na hoteli pia naiandika hivyohivyo.

Ndani ya ndege ushauri wangu wengi hawaupendi: usile chakula cha usiku. Kula Dar, mapema, ushibe. Ndege ikipaa wao wataanza kuzungusha vigari vya chakula, taa zinawaka, saa moja na nusu inakatika hivihivi, na safari yenyewe ndiyo usiku wako wote. Jifunike, ziba macho kwa kitambaa, funga mkanda juu ya blanketi ili wasikuamshe kukagua. Piritoni za kulalia achana nazo. Unaweza kulala kweli, lakini unatua bado uko nazo kichwani, na mbele yako kuna afisa uhamiaji anayeuliza umekuja kufanya nini na utaondoka lini. Ukishtuka usiku, inuka utembee kidogo, chezesha vifundo vya miguu, kunywa maji.

China ni habari nyingine. Wako mbele yetu kwa saa tano. Nilikwenda Guangzhou na wifi yangu anayeuza viatu vya watoto Makoroboi, tukatua kama saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mwili wa Mwanza hiyo ni saa saba usiku. Nilijaribu kanuni yangu ya kukaa juani mara tu baada ya kutua, na usiku ule sikupata lepe la usingizi. Baadaye ndiyo nikaja kuelewa. Joto la mwili linakuwa chini kabisa saa mbili tatu kabla ya muda uliozoea kuamka. Kwa wengi wetu ni kama saa kumi alfajiri. Mwanga mkali unaoupata baada ya muda huo unaiwahisha saa ya mwili. Unaoupata kabla yake unaichelewesha, na ukienda mashariki kuchelewa ndiko usikokutaka. Saa kumi alfajiri ya Mwanza ni saa tatu asubuhi ya Guangzhou. Kwa hiyo siku ya kwanza kule kaa ndani au vaa miwani ya jua mpaka saa tatu ipite, kisha toka nje utembee. Ukienda magharibi mambo ni mepesi, kwani mwili kwa kawaida unaona rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Kahawa kunywa upande wowote, ila mwisho saa nane mchana ya huko.

Wifi yeye hakutaka kusikia habari za kupumzika. Siku hiyohiyo aliingia sokoni, akachagua, akalipa. Mzigo ulipofika Mwanza tukafungua katoni kumi na mbili za viatu vizuri sana, vyote namba 28. Sampuli aliyoishika mkononi ilikuwa namba 28, na hakuuliza zaidi. Nikamkumbuka baba na nyavu zake. Siku ya kwanza angalia tu, uliza bei, piga picha. Hela iache hotelini. Na gari la kukodi la kuendesha mwenyewe hata usilifikirie.

Vya begi la mkononi ni vichache: koti, chaja, mswaki, nguo moja ya kubadili, anuani ya unakofikia kwenye karatasi. Karatasi, nasema, simu ikizima saa kumi na mbili asubuhi kwenye mji usio na anayekujua ndio utanielewa.

Kurudi nako kuna shughuli yake, maana unatua Dar asubuhi, unaunganisha ndege ya Mwanza, na kabla hujavua viatu sebule imejaa. Wajomba, majirani, watoto wanaulizia zawadi, wewe macho mekundu unacheka cheka tu. Siku hizi nawaambia wote natua jioni. Mama tu ndiye anayejua saa ya kweli, na yeye ananiwekea uji.