Barua kwa Mwanangu: Kukaa Palipokuwa Bandari

Custom House, London

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto bado linanikumbusha kila nikipanda ngazi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha, kwamba kazi inakuleta Canary Wharf, mtaa wa ofisi jirani na hapa, kwa miaka mitatu; mara ya pili niliisoma kwa sababu ya swali uliloliweka mwishoni. Umeniuliza maisha ya mitaa hii mipya iliyojengwa juu ya bandari ya zamani yakoje hasa, na kama inafaa upange fleti ya kando ya maji, au ununue kama anavyokushauri mwenzako wa kazini, au uje ukae nami. Hilo si swali la kujibiwa kwenye simu, ndiyo maana nimeketi kuandika.

Nianze na babu yako, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kupatazama mahali hapa. Alipokuja kunitembelea mwaka 2001, siku ya pili tu alitaka aonyeshwe bandari. Alikuwa kuli Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, tangu ujana wake, tangu enzi za kusimama langoni alfajiri wakingoja kuchaguliwa, na jina la London alikuwa amelibeba mgongoni, limeandikwa kwenye masanduku na magunia, kwa miaka mingi hata akaamini kwamba anakuja kuona bandari iliyozizaa bandari nyingine zote. Nikampeleka kwenye bwawa la meli la Royal Victoria, dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu. Alisimama ukingoni, akayatazama maji yaliyotulia kama ya kisima, akautazama ukumbi mkubwa wa maonyesho wa ExCeL uliokuwa umefunguliwa mwaka mmoja tu kabla, kisha akaniuliza, "Meli ziko wapi?" Winchi zilikuwepo, zimepangwa mstari kando ya maji, zimepakwa rangi, hazina mtu wala mzigo. Alikwenda akaweka kiganja kwenye mguu wa mojawapo, akabaki hivyo kwa muda mrefu, nami nikanyamaza kwa kuwa sikuwa na la kumwambia.

Tulipokuwa tukirudi nilimweleza niliyoyajua. Mabwawa yale ni matatu, yalichimbwa na watu ili meli zipakue bila kutegemea kujaa na kupwa kwa mto Thames: Royal Victoria lilifunguliwa mwaka 1855, Royal Albert mwaka 1880, na King George V mwaka 1921. Humo zilishushwa nafaka, tumbaku, ndizi na nyama iliyogandishwa, na makuli wa hapa nao walisimama langoni kila asubuhi wakingoja kuchaguliwa, desturi iliyokomeshwa mwaka 1967 tu. Baadaye zikaja meli za makontena, kubwa mno kwa mabwawa haya, na kazi ikahamia Tilbury, karibu zaidi na bahari. Mwaka 1981 biashara ya meli ikafungwa kabisa. "Kontena limewala na hawa," babu yako alisema, maana hata Kilindini alikwisha kuona magenge ya makuli yakipungua kila makontena yalipoongezeka.

Jambo hilo nataka ulishike, mwanangu, kabla ya kutazama picha za fleti zenye madirisha marefu. Watu waliokuwa wakiishi kwa kazi ya meli hawakuondoka siku meli zilipoondoka. Serikali iliunda shirika maalumu mwaka huohuo wa 1981, likapewa ardhi ya bandari pamoja na mamlaka ya kuamua ujenzi ambayo zamani yalikuwa ya halmashauri za mitaa. Mwaka 1983 wakazi wa hapa Royal Docks, ndilo jina la mabwawa yale matatu, waliandika mpango wao wenyewe, uliojulikana kama Mpango wa Watu, wakiomba nyumba wanazoweza kuzimudu, kazi na malezi ya watoto badala ya uwanja wa ndege. Uwanja wa ndege ulijengwa, ukafunguliwa mwaka 1987, mwaka uleule treni ndogo zisizo na dereva zilipoanza kutembea. Mnara mrefu wa Canary Wharf ulikamilika mwaka 1991, na mwaka uliofuata kampuni iliyoujenga ikafilisika. Shirika lenyewe lilivunjwa mwaka 1998, mimi nikiwa tayari hapa miaka miwili, nikisafisha ofisi katika jengo mojawapo la huko kuanzia saa kumi za alfajiri. Nilikuwa nikifika kwa basi la usiku na kutoka wakati wenye ofisi wanaingia. Tulipishana mlangoni kwa miaka minane, na sasa mwanangu atakuwa mmoja wa wale wanaoingia. Nimelia kidogo nilipoliwaza hilo, na si kwa huzuni.

Sasa nikujibu. Kunakalika, tena kunakalika vizuri. Kituo chetu cha Custom House kina reli ya Elizabeth tangu mwezi Mei 2022, na kituo kinachofuata tu ni Canary Wharf. Utafika kazini kabla chai yako haijapoa. Ukipenda kutembea, kuna bustani ya Thames Barrier iliyofunguliwa mwaka 2000 mahali palipokuwa na viwanda, na kutoka hapo utaiona mitambo ya chuma inayoinuliwa mtoni kuzuia maji ya bahari yasiufurikishe mji. Maji ya mabwawa yametulia, mabata wamerudi, na kuna watu wanaoogelea Royal Victoria hata majira ya baridi, jambo ambalo mimi siliwezi hata kwa kulitazama. Jioni za Juni, jua likichwa karibu saa tatu na nusu za usiku, ukingo ule hupendeza hata mtu akajisahau.

Kelele za uwanja wa ndege utazizoea, lakini uzijue. Njia ya kurukia iko katikati ya mabwawa mawili, na ndege hupita chini kiasi cha kusoma maandishi ubavuni. Usiku haziruki, na kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumapili mchana uwanja hufungwa; mwaka 2024 waliomba kuongezewa saa za Jumamosi, serikali ikakataa, na mtaani kwetu tulipongezana kama siku ya Idi. Upepo ukitoka Silvertown utanusa sukari inayochomwa, kwa kuwa kiwanda cha Tate & Lyle kingali kinasafisha sukari pale tangu mwaka 1878. Wapangaji wapya wengine huilalamikia harufu ile. Mimi huipenda, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichobaki hapa ambacho bado kinafanya kazi iliyokileta. Usilidharau suala la upepo pia. Majengo marefu huuteka na kuuteremsha chini, na mwezi wa Januari utakupiga usoni pembeni mwa jengo hata usimame.

Lakini umeniuliza maisha, hukuniuliza majengo, na hapa ndipo nataka kukaa nawe zaidi. Mtaa huu una pande mbili, na kati yake kuna reli na barabara. Upande wangu, wa kaskazini, ni nyumba za zamani za halmashauri, maduka madogo, kinyozi, mchinjaji wa nyama halali, shule, na wanawake wanaojuana kwa majina ya watoto wao: Mama fulani, Mama fulani. Upande wa maji ni fleti mpya, na chini yake maduka ya kahawa. Zipo njia za kuvukia, hakuna ukuta, na hata hivyo naweza kuhesabu kwa vidole marafiki nilio nao ng'ambo ile kwa miaka yote hii. Sababu si ubaya wa watu. Wengi wao hupanga mwaka mmoja au miwili, wakahama kazi ikihama, na fleti nyingi zilinunuliwa na watu wasiokaa humo. Wakati mwingine mimi hupita jioni nikatazama juu, nikaona safu nzima ya madirisha yasiyo na taa.

Sisi tumezaliwa katika nyumba zenye baraza. Bibi yako aliyekulea hakuhitaji kumwalika mtu. Alitoka tu na ungo wake wa mbaazi, akaketi, na mtaa ukamjia. Majengo haya mapya yana ukumbi wa kuingilia wenye makochi mazuri na maua, na nimewahi kumsubiri mtu mmoja humo kwa saa nzima bila kumwona yeyote akiketi. Nje nako kuna viwanja vyenye mabenchi na chemchemi, lakini usidhani kila njia ya kando ya maji ni ya umma. Sehemu nyingine ni ardhi ya kampuni binafsi, ina askari wake na kanuni zake. Siku moja ya Idi tuliketi wanawake sita na watoto wetu kwenye uwanja mmojawapo, tumefungua vyombo vya biriani, na askari akaja kutuambia kwa adabu kabisa kwamba pale hakuruhusiwi mikusanyiko ya chakula. Tulifunga vyombo tukavuka reli. Adabu yake ndiyo iliyoniumiza, maana mtu akikutukana una la kumjibu.

Kuhusu kununua, nakuomba usome pole pole. Uingereza ukinunua fleti, kwa kawaida hununui jengo wala ardhi. Unanunua haki ya kukaa humo kwa miaka iliyoandikwa katika hati, labda 125, labda 999, na mwenye ardhi hubaki mwenye ardhi. Kila mwaka utalipa ada ya huduma: lifti, usafi, bima ya jengo, mlinzi wa mapokezi. Sheria inataka ada hiyo iwe ya haki, nawe unaweza kuipinga mbele ya baraza la usuluhishi, lakini haikuwekewa kikomo, na watu wengi nimewaona ikiwapanda kuliko mshahara. Kodi ya ardhi kwa hati mpya za muda mrefu imeondolewa tangu Juni 2022, ila ukinunua fleti iliyouzwa kabla ya hapo huenda bado ipo.

Nina rafiki Mbarawa, mtu wa Barawa kule Somalia, ambaye Chimwini chake, Kiswahili cha kwao, na Kimvita changu cha Mombasa huelewana bila mkalimani. Alinunua robo ya fleti katika jengo la kando ya maji kwa ule utaratibu wa kununua sehemu na kulipia kodi sehemu iliyobaki. Hakuwa ameelewa kwamba robo yake ya umiliki ingebeba ada ya huduma nzima. Kisha yakatokea ya Grenfell, tarehe 14 Juni 2017, watu 72 wakafa magharibi mwa mji huu kwa moto uliopanda kwenye ngozi ya nje ya jengo, na majengo mengi nchini yakaanza kukaguliwa. La kwake likakutwa na vifaa vinavyoshika moto. Kwa miaka minne hakuweza kuliuza fungu lake kwa kuwa hakuna benki iliyokubali kumkopesha mnunuzi, na wakati huohuo alikuwa akilipia walinzi wa kuzunguka usiku kucha wakinusa moshi. Alikuwa akilala na viatu karibu na kitanda. Huyo ni mwanamke aliyekimbia vita, mwanangu, akaona amefika.

Kwa hiyo usinunue mwaka wa kwanza. Nakwambia wazi kama mzazi. Panga, na ikiwezekana panga upande huu, ambapo utasalimiwa. Najua utasema kwamba fleti za kule zina mandhari, nawe umefanya kazi kwa bidii na unastahili mandhari. Kweli unastahili. Ila mandhari hiyo ni mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwangu, na kuitazama ni bure.

Nikutajie jambo moja ambalo matangazo hayatalitaja. Sisi si wageni wa kwanza wa aina yetu hapa. Karibu na mnara wa London, katika bandari ya St Katharine, kuna jengo liitwalo Ivory House, lililojengwa miaka ya mwisho ya 1850, ambamo palihifadhiwa pembe za ndovu. Biashara hiyo iliifikia hata pwani yetu kupitia Zanzibar, kwa mabega ya watu wasiolipwa. Leo ni fleti na mikahawa. Hapa Canning Town, mabaharia Waafrika na Waasia walikaa na kuoa tangu zamani za babu wa babu yako, na mwaka 1926 Kamal Chunchie, mtu wa Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, aliwafungulia nyumba ya kukutania watu wa rangi waliokataliwa kwingine. Ilidumu miaka minne tu, ikabomolewa mwaka 1930 kupisha upanuzi wa barabara. Nilipolisikia hilo nilielewa kwa nini majirani zangu wazee wa Kizungu, ambao baba zao walikuwa makuli, na sisi tuliokuja baadaye, hujikuta upande mmoja kila kukiitishwa mkutano wa mipango ya ujenzi. Wote tunajua ramani inavyoweza kuchorwa mtu akiwa ndani yake.

Chumba cha nyuma nimekitengeneza. Ni kidogo, kitanda ni cha mtu mmoja, na dirisha linatazama reli, lakini ni chako kwa muda utakaoutaka, hata ukiwa ni mwezi mmoja wa kutafutia. Nilikuacha kwa bibi yako ukiwa na miaka minne, na sikuwahi kupata nafasi ya kukupeleka shule asubuhi. Basi niruhusu nikusindikize hadi kituoni siku yako ya kwanza, hata kama una mvi mbili tatu kidevuni.

Jitahidi tiketi yako iwe ya kufika Jumamosi. Ndege zikishanyamaza tutatembea hadi Royal Victoria nikuonyeshe winchi aliyoishika babu yako. Ni ya pili ukihesabu kutoka darajani. Na karatasi yoyote ya fleti watakayokutumia kwa barua pepe, usiitie saini. Nitumie kwanza, niisome na yule rafiki yangu Mbarawa, maana siku hizi anazijua kuliko wanasheria.

Nakuombea safari ya heri.

Mimi mamako