Oksijeni Moja, Mkia Mrefu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko mafunzoni kwenye maabara ya mafuta. Nimepima mafuta ya mbarika kwa kromatografia ya gesi, baada ya kugeuza asidi zote kuwa esta za methili. Asidi ya oleiki imetoa kilele chembamba, safi. Ya risinoleiki imetoa kilima chenye mkia kama wa mjusi. Hizi mbili zinapishana oksijeni moja tu! Nimekosea wapi? Na kwani asidi za mafuta zenye hidroksili (oksijeni iliyoshika hidrojeni) zina nini hata watu wahangaike nazo?
– Mwenye Mkia

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkia huo naujua. Mimi nilibadilisha mrija mzima wa mashine, mali ya watu, kabla ya mzee mmoja wa maabara kuniuliza, "Umeifunika?" Nikadhani anauliza chupa.

Alikuwa anauliza hidroksili. Methili umeiweka kwenye ncha ya asidi, lakini kule kwenye kaboni ya 12, ukihesabu kutoka ncha hiyo, hidroksili ya risinoleiki bado iko uchi, nayo hung'ang'ania kuta za mrija. Ifunike kwa trimethilisilili, kifuniko chenye silikoni. Ila kwanza kausha sampuli kwa naitrojeni hadi pasibaki hata unyevu, maana dawa hiyo huanza na maji, na mafuta yako hupata makombo.

Ukishafunika, kuna zawadi. Kwenye spektromita ya masi, mashine inayovunja molekuli na kupima uzito wa vipande, mnyororo hupenda kukatika pale pale palipofunikwa. Risinoleiki hutoa kipande chenye uzito wa 187. Hidroksili ikiwa kaboni ya 3, utaona 175. Kwa hiyo mashine inakwambia oksijeni imekaa wapi, na mahali ndipo penye habari yote.

Chukua hiyo kaboni ya 3. Asidi zenye hidroksili hapo mwili wako huziunda kila unapochoma mafuta, lakini hupita tu. Kimeng'enya cha kuzipokea kikiwa na hitilafu ya kurithi, hurundikana kwenye damu, na madaktari huzitafuta humo. Bakteria wa Gramu hasi, wao, huzifunga kwenye utando wao wa nje ndani ya lipidi A, sehemu ya mafuta ya sumu yao iitwayo endotoksini, nyingi zikiwa za kaboni 14. Ndiyo maana mtu anayetaka kujua endotoksini iliyomo kwenye vumbi anaweza kupima asidi hizi. Zenye hidroksili kwenye kaboni ya 2 ni za ala ya neva na ngozi, lakini hizo tuziachie siku nyingine.

Mimi nampenda mbarika. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za asidi za mafuta yake ni risinoleiki. Kimeng'enya kinachoitengeneza kutoka kwa oleiki ni ndugu wa damu wa kile kinachoweka kifungo maradufu papo hapo kwenye kaboni ya 12. Jeni yake ilipatikana mwaka 1995, ikapandikizwa kwenye mmea wa Arabidopsis, watu wakasubiri mafuta. Asidi zenye hidroksili zikafika asilimia 17 hivi tu ya mafuta ya mbegu. Kuitengeneza si kazi. Kazi ni kuisafirisha na kuihifadhi, na mbarika ana vimeng'enya vyake vya shughuli hiyo.

Na ile sifa yake ya kuharisha? Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba risinoleiki huamsha kipokezi EP3, protini inayopokea ishara, kwenye misuli ya utumbo. Panya wasio na kipokezi hicho walinyweshwa mafuta ya mbarika, wakatulia tuli.

Rudia kipimo. Ukiiona 187, niandikie, na hilo jina la Mwenye Mkia ulibadilishe.