Msitu mdogo katika chungu cha bibi

Dada wa Chumbageni, umeuliza kama chungu kipana ulichorithi kwa bibi kinafaa kupandwa kikundi cha misonobari ya bonsai, yaani miti inayodumazwa chunguni. Kinafaa, ila kwa joto la Tanga mimi ningepanda mivinje. Si jamii ya misonobari, lakini majani yake yanafanana nayo sana, na chumvi ya pwani haiisumbui. Mwangati nao usiujaribu: ni mti wa milimani, umezoea baridi ya Lushoto. Huku chini utateseka.

Kwanza tazama kitako. Kama hakina tundu, usitumie msumari, kitapasuka. Fundi atoboe taratibu kwa keekee ya vigae, huku akimwagia maji. Moyo ukikataa, kiache kiwe kumbukumbu ya bibi, kwa sababu maji yakituama mizizi itaoza.

Chukua miche mitano au saba, ya unene tofauti. Mrefu zaidi usogeze pembeni kidogo ya katikati, mingine iuzunguke kwa nafasi zisizolingana, isipangwe mstari kama ua. Ifunge kwa waya unaopita tunduni. Tumia changarawe ndogo, mchanga wa mto na mboji kidogo. Udongo wa zamani ulioshika mizizi ya miche usiuoshe wote: vifundo vya mizizi ya mvinje vina bakteria wanaoulisha naitrojeni. Kisha kivulini, wiki tatu au nne.