Haki ya shangazi zako haikuanza mwaka 2010

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Nakuru. Sisi hatujambo, na mama yako anakusalimu sana.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti kuhusu kikao cha ukoo kule Kakamega, ulikokwenda kwa niaba yangu. Baba yako mdogo alisema kwamba shangazi zako hawana haki yao wenyewe kwenye shamba la marehemu babu yako. Eti wamepewa tu na Katiba ya Kenya ya 2010, na kilicholetwa na karatasi huondolewa na karatasi. Wazee wakaitikia, nawe ukakosa la kujibu. Sasa waniuliza haki ya mtu inatoka wapi hasa, na ni nani anayeamua kuwa hii ndiyo sheria.

Kwanza, tarehe ya baba yako mdogo si sahihi. Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Mzazi akifariki bila wosia, na mwenzake alishatangulia kama nyanya yako alivyotangulia, mali hugawanywa sawasawa kwa watoto, na sheria haisemi wa kiume au wa kike. Ziko wilaya chache, nyingi za wafugaji, ambako ardhi ya kilimo na mifugo viliachwa chini ya mila, lakini Kakamega haimo. Kilichowaponza mabinti ni kwamba kifungu cha 82 cha Katiba ya zamani kilikataza ubaguzi, kisha kikauruhusu katika mambo ya ndoa, mazishi na urithi. Hata hivyo, mwaka 2005, katika kesi ya Rono, Mahakama ya Rufaa ilikataa uamuzi wa Mahakama Kuu uliowapa mabinti sehemu ndogo kuliko kaka zao kwa hoja kwamba wataolewa. Hiyo ni miaka mitano kabla ya Katiba mpya.

Lakini hata tukirudi 1981 bado sijakujibu, maana sheria ya 1981 nayo ni karatasi.

Huyo huyo baba yako mdogo hupenda kusimulia jinsi babu yetu alivyofungwa kwa kukutwa bila kipande, kile cheti cha utambulisho cha wakati wa ukoloni. Umeisikia habari hiyo tangu utotoni. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alibeba cheti chake ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni, na mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, hakuweza kuandikwa kazi kwingine. Ilikuwa sheria kamili, yenye polisi wake na mahakimu wake. Tarehe 23 Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, kule Gem, katika mkutano uliokuja kuitwa Piny Owacho, yaani "nchi imesema" kwa Kijaluo. Miongoni mwa viongozi wao walikuwamo vijana waliosomea shule ya Maseno, akina Jonathan Okwiri. Walidai kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, na wakapinga nchi kugeuzwa koloni. Hawakuwa na katiba ya kunukuu wala mbunge wa kumtuma. Kwa hoja ya baba yako mdogo, watu wale walikuwa wakidai kitu ambacho hakikuwepo.

Muulize kama yuko tayari kusema hivyo juu ya babu yake, kwamba alifungwa kihalali na hakudhulumiwa lolote. Hatasema. Anajua mzee alidhulumiwa, na mtu hadhulumiwi asichokuwa nacho.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Haki inatoka kwa mtu mwenyewe, kwa kuwa ni mtu. Mimi naamini ni Mungu aliyemuumba hivyo, na hata Utangulizi wa Katiba unamtaja Mwenyezi Mungu, lakini sitaki hoja hii isimame kwa imani yangu peke yake. Jirani asiyesali akipigwa bila kosa, nami nikaona, najua kwamba amekosewa, na sihitaji kumuuliza dini yake kwanza. Azimio la Haki za Binadamu lilipopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, Kenya ilikuwa bado koloni na hakuna aliyekuja kijijini kwetu kuuliza maoni ya mtu. Maneno yale yalimhusu babu yako hata hivyo.

Usimdharau baba yako mdogo lakini. Wapo wasomi wakubwa waliofikiri kama yeye. Jeremy Bentham wa Uingereza alisema haki halisi huzaliwa na sheria, na kwamba haki za asili ni upuuzi mtupu. Alipinga mawazo ya watu kama John Locke, aliyemtangulia, ambaye alisema mtu ana uhai wake, uhuru wake na mali yake kabla hajawa na serikali, na kwamba serikali huundwa ili kuvilinda. Mimi niko upande wa Locke. Ila miaka niliyokaa katika masjala ya mahakama ilinionyesha kwa nini Bentham alisema vile. Haki isiyo na sheria nyuma yake hunyanyaswa hadharani na hakuna wa kuitetea.

Nilikuwa nikipokea majalada ya mirathi. Kabla ya mengine yote huangaliwa barua ya chifu, inayotaja walioachwa na marehemu. Unasoma: wana wanne, majina, nambari za vitambulisho. Mabinti hakuna. Unainua macho, unamwona mama mmoja ameketi kwenye benchi nyuma ya hao wana wanne, sura ni ile ile yao. Ukimuuliza ni nani, anasema yeye ni dada yao, amekuja kuwasindikiza. Mara nyingine jina lake limo, lakini fomu ya ridhaa imeshawekwa kidole gumba na yeye hajui imeandikwa nini. Tangazo hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za pingamizi zinapita, na kijijini hakuna aliyelisoma.

Sasa, mila. Sitaki uwaambie wazee kwamba mila ilikuwa ya kishenzi, kwa sababu si kweli. Zamani shamba halikuwa la mtu mmoja, lilikuwa la ukoo. Binti aliolewa nje ya ukoo, akalima kwa mumewe, na ndoa ikivunjika alirudi kwao akapewa mahali pa kujenga na kulima. Kaka hakuweza kumkatalia, wala hakuweza kuliuza shamba akahamia mjini. Kisha ukaja Mpango wa Swynnerton wa 1954 wa kupima na kuandikisha mashamba, na baada yake Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963. Hati ikaandikwa jina la mtu mmoja, kwa kawaida mwanamume, na sheria ikamtambua kuwa mwenye mali anayeweza kuuza. Wajibu wake kwa dada haukuandikwa popote. Kwa hiyo wanachokiita mila leo ni nusu tu ya mila. Ile sehemu ya kumnyima binti imebaki, na ile ya kumtunza imezikwa pamoja na wazee wa zamani. Sheria ya urithi sawa haikuvamia mila nzima na yenye afya. Ilikuja kuziba pengo ambalo sheria nyingine ilikuwa imelifungua.

Ndivyo jamii zinavyotunga sheria, kwa kurekebisha, mara nyingi kwa kuchelewa, baada ya walioumia kusema vya kutosha. Bungeni mswada husomwa, kamati huuchambua, wananchi hutoa maoni, rais hutia sahihi au huurudisha. Utaratibu huo ni muhimu, lakini hauzalishi haki. Ibara ya 19 ya Katiba inasema wazi kwamba haki ni za kila mtu na hazitolewi na Serikali. Na kuhusu ile karatasi inayoondoa karatasi, Ibara ya 255 inasema Sheria ya Haki, yaani ile sura ya Katiba inayotaja haki hizo, haiguswi bila kura ya maoni ya nchi nzima. Je, wengi wakipiga kura vibaya? Ulinzi utaondoka, na hilo litakuwa janga. Haki itabaki pale pale, na mtu atakuwa tena Lundha, akidai.

Najua kinachomsumbua ndugu yangu. Shamba ni dogo na watoto ni wengi. Sehemu yangu nayo itapungua, nami nimekubali. Shangazi zako wakitaka kumwachia kaka yao sehemu zao, ni hiari yao, na mmoja aliye vizuri alishaniambia huenda akafanya hivyo. Lakini mtu huacha kilicho chake baada ya kuulizwa. Kwa hiyo asiende mtu kwa chifu kabla majina ya wote, wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa, hayajasomwa mbele ya kikao. Mwambie shangazi yako mkubwa atume nakala ya kitambulisho chake wiki hii. Cheti cha kifo ninacho mimi, na baba yako mdogo nitampigia mwenyewe Jumapili baada ya kanisa.

Baba yako