Ukitaka Vichaka Mahali pa Nyasi, Anza na Upana Wake

Kinachochosha kwenye vichaka ni kukata. Mara nyingi mmea unaokatwa kila mwezi hauna kosa lolote: ulipandwa penye nafasi ya mita 1, wakati kwa asili yake hutanuka hadi mita 2 na nusu. Kwa hiyo kwenye kitalu cha miche, kabla ya kuuliza rangi ya maua, uliza kichaka kikikomaa kinafikia upana gani.

Upana huo ndio unaopanga kila kitu. Kati ya miche miwili ya aina moja acha umbali sawa na upana wa mmoja uliokomaa. Ukitaka vishikane na kufunika ardhi, punguza umbali huo kwa sehemu moja ya tano. Kutoka ukutani acha nusu ya upana, kisha ongeza sentimita 30 ili hewa ipite. Eneo la mita za mraba 12 litahitaji takriban miche 12 ya kichaka chenye upana wa mita 1. Mwanzoni patakuwa na mapengo makubwa. Yavumilie, wala usiongeze miche ya kuyaziba, kwa sababu baadaye itasongana na utarudi kule kule kwenye kukata.

Anza na sehemu za nyasi zinazokusumbua zaidi: mteremko, ukanda mwembamba kando ya uzio, pembe ambazo mashine ya kukatia haigeuki vizuri. Ukingo mpya uchore kwa kulaza mpira wa maji chini, kwa mkunjo mpole ambao mashine inaweza kuufuata.

Kisha pima udongo unavyopitisha maji. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, ulijaze tena. Yakishuka sentimita 2 hadi 5 kwa saa, vichaka vingi vitakubali. Yakilala humo hadi kesho yake, rozmari na lavenda zitaoza mizizi. Tafuta aina inayopenda unyevu au inua tuta. Penye jua kali na udongo mkavu hizo mbili ni chaguo zuri, mradi ujue kwamba hukatwa ncha laini tu baada ya kuchanua. Ukikata hadi kwenye sehemu ngumu ya zamani isiyo na majani, tawi hilo kwa kawaida halichipui tena. Usizichanganye na haidranjia, inayotaka maji mara kwa mara, kwa sababu lazima upande mmoja uteseke. Oleanda huvumilia ukame sana, lakini kila sehemu yake ni sumu. Penye watoto au mifugo, iache. Lantana nayo imegeuka gugu vamizi katika nchi nyingi za joto, kwa hiyo iache pia hata ukipewa bure.

Nyasi zinazokua kwa mafungu hufa zikifunikwa: zikate fupi, mwagilia, tandaza maboksi ya karatasi yasiyo na utepe wa plastiki yakipandana sentimita 15, kisha weka matandazo (kama majani makavu au vipande vya gome) ya unene wa sentimita 8 juu yake. Kwa mita za mraba 12 hiyo ni karibu mita moja ya ujazo. Ukoka ni habari nyingine. Mashina yake hutambaa chini ya ardhi na kutokeza penye mwanya wowote, kwa hiyo ung'oe kwa uma wa bustani, chimba mfereji wa sentimita 20 ukingoni, na ukague kila wiki. Karatasi za plastiki za kuzuia magugu hazisaidii kwa muda mrefu: vumbi na majani hujikusanya juu yake, magugu yakaota humo humo.

Shimo la kupandia liwe na upana mara mbili wa donge la mizizi, ila kina kisizidi donge hilo. Mche uliozama huoza shingo, pale shina linapokutana na mizizi. Mizizi iliyozunguka ndani ya kopo ifumue au ikate, la sivyo itaendelea kuzunguka. Matandazo yakae sentimita 8 mbali na shina.

Mwaka wa kwanza usidanganywe na neno "kivumilivu cha ukame". Donge la kopo huweza kukauka kabisa huku udongo wa pembeni ukiwa na unyevu, kwa hiyo maji yamwagwe shinani, taratibu: lita 8 hadi 10 kwa mche wa kopo la wastani, kila baada ya siku 2 au 3 kwa wiki chache, kisha mara moja kwa wiki mvua isiponyesha. Mbolea ya naitrojeni usitie. Hukuza matawi marefu laini, na hayo ndiyo utakayohitaji kuyakata.