Maswali Yenu: Kikompyuta cha Dukani Kinachoshika Ufunguo wa Sarafu

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Nina duka la vipuri vya simu Kisauni. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo, nikaiunganisha na ruta ya dukani na kuiwekea pochi ya Bitcoin, sarafu ya kidijitali. Ili niweze kutazama salio hata nikiwa kwenye feri ya Likoni, nilifungua njia katika ruta ya kuingilia kwa SSH, yaani kukiamuru kikompyuta hicho nikiwa mbali. Nywila ni ile ile iliyokuja nayo. Binamu yangu anasema hakuna mwizi atakayehangaika na kidude kama hicho. Je, nina salama? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam. Huna, na binamu yako amekupotosha bila kukusudia. Yeye anamfikiria mwizi anayechagua nyumba ya kuvunja, ilhali mtandaoni ni programu zinazopita anwani moja baada ya nyingine, usiku na mchana, zikijaribu majina na nywila zinazojulikana. Kwa miaka mingi Raspberry Pi ilitoka na jina "pi" na nywila "raspberry", na mwaka 2017 iligunduliwa programu hasidi, Linux.MulDrop.14, iliyoingia kwa nywila hiyo hiyo, ikaibadilisha, kisha ikaitumikisha mashine kuchimba sarafu, yaani kupiga hesabu zinazolipwa kwa sarafu mpya, kwa faida ya mwingine. Watengenezaji walianza kuifunga SSH katika mfumo wao mwishoni mwa 2016, na Aprili 2022 wakamwondoa kabisa mtumiaji huyo "pi" wa kuanzia; lakini kadi ya kumbukumbu uliyoiandaa kabla ya hapo imebaki kama ulivyoiacha.

Usianze kwa kubadilisha nywila. Sarafu zenyewe hazimo ndani ya kidude hicho. Zimeandikwa katika daftari la Bitcoin ambalo kila mtu analiona, na kilichomo dukani kwako ni ufunguo wa siri wa kuzihamisha. Ikiwa mtu amekwisha kuunakili, nywila mpya haitamnyang'anya nakala yake. Chomoa waya wa mtandao, tengeneza pochi mpya yenye maneno mapya (yale ambayo pochi hukupa uyahifadhi, na yanayoweza kuurudisha ufunguo wa siri) katika kifaa kingine kilicho safi, kisha uhamishie salio lote huko. Anayerudisha maneno yale yale ya zamani katika mashine mpya amenunua mlango mpya akaufunga kwa kufuli ambalo mwizi ana ufunguo wake.

Baada ya hapo, tenganisha kutazama salio na kutia sahihi, yaani kuidhinisha muamala kwa ufunguo wa siri. Kikompyuta cha dukani kibaki na ufunguo wa umma peke yake, ambao unatosha kuonyesha salio na kutoa anwani za kupokelea, na ukitaka kukifikia ukiwa mbali, pitia VPN, njia ya faragha iliyosimbwa, badala ya kuacha njia wazi katika ruta. Sahihi itiwe na kifaa kisichoingia mtandaoni kamwe: Raspberry Pi Zero toleo la 1.3, kwa mfano, haina Waifai wala Bluetooth (usiichanganye na Zero W), nayo ikiunganishwa na kamera na skrini na kuwekewa programu ya kutia sahihi, hupokea muamala kupitia msimbo wa QR na kuurudisha uliotiwa sahihi kwa njia hiyo hiyo. Kabla ya kuidhinisha, soma anwani ya mpokeaji na kiasi kwenye skrini ya kifaa hicho, kwa sababu mashine ya dukani ikiambukizwa inaweza kukubadilishia anwani bila wewe kujua. Mimi hupendelea pia kuzalisha ufunguo kwa kete, mitupo 99 kwa maneno 24. Ni kazi ya kuchosha, lakini mwaka 2023 watu walipoteza sarafu kwa sababu programu moja ilizalisha funguo zilizoweza kubahatishwa.

Umesahau kuuliza habari ya kadi ya kumbukumbu. Haizidi ukucha kwa ukubwa, na kama hukuisimba, yaani kuyafanya yaliyomo yasisomeke bila nywila, yeyote anayefagia duka anaweza kuichomoa na kuisoma kwenye kompyuta nyingine.

Maneno 24 usiyapige picha kwa simu, kwani picha nyingi hupanda zenyewe hadi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Yaandike kwa mkono, na kwa unyevu wetu huu wa pwani unaolainisha hata vyeti vilivyo sandukuni, ni bora uyachonge pia kwenye bamba la chuma kisichoshika kutu, ulihifadhi mbali na duka.