Vakansi kwa wakwe

SWALI: Yaya, tangu Pasaka ninatembea kila asubuhi na nimepunguza bukari, yaani ugali. Mwezi wa saba tunaenda Likasi kwa wakwe, wiki tatu nzima. Mama mkwe anapakua mlima, na kukataa ni matusi. Nifanyeje?
— Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi

JIBU: Mdogo wangu, usikatae sahani, ingia jikoni. Ukitwanga matamba (majani ya muhogo) na kusaidia kupakua, nani atajua bukari yako ni saizi ya ngumi tu? Anza na mboga, kisha samaki, bukari imalizie. Kama ni vitoyo, wale samaki wakavu wa chumvi, viloweke usiku kucha na umwage maji, maana chumvi yake si ya mchezo.

Mimi naogopa zaidi jioni, shemeji akileta michopo (nyama ya kuchoma) na kreti ya soda. Nyama kula, mafuta acha pembeni. Soda ndiyo mwizi: chupa ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko saba vya chai. Omba maji, sema tumbo.

Kutembea? Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa mara tano. Na Likasi ina vilima, utahema kuliko Kamalondo! Alfajiri ya kiangazi ni baridi, subiri jua, vaa sweta, chukua watoto wa shemeji muende sokoni kwa miguu. Wakiuliza mbona hamkupanda taksi, waonyeshe mboga ya lengalenga mliyonunua.